Gongo Lililodumu Misimu Minane

Hadithi njoo, na leo usije na utamu, njoo na haki. Nasema mapema ili baadaye mtu asinong'one kwamba Bi Tabitha ameamka vibaya. Nimeamka vibaya, ndiyo. Tangu Jumapili naamka vibaya, na nyinyi mliokaa hapo mmechangia.

Hapa Mafulilo kuna watu watatu. Mnawajua, lakini nitawataja upya kwa sababu wamo miongoni mwenu wanaojifanya wamesahau.

Wa kwanza ni Mzee Luvanda, mchonga mipini. Kila jembe na kila shoka la kata hii limepita mikononi mwake. Kipaji chake ni kuujua mti kwa ndani kabla haujaangushwa. Hugonga shina kwa mgongo wa panga, akatega sikio, akasema, "Huu una uongo," akaenda zake.

Wa pili ni Bi Semeni Kikoti, anayewapikia wachuma chai. Kipaji chake ni moto. Si kuuwasha, kuuwasha hata mimi naweza. Yeye anajua kuuzuia. Moto wake utakaa siku nzima haupandi wala hauzimiki, huku yeye anasonga ugali wa watu sitini.

Wa tatu ni Kastuli Ngeve, mbeba magunia kiwandani. Kipaji chake ni kupiga. Ukimrushia mpira naye ameshika gongo lake, usihangaike kuufuata, nunua mwingine.

Na hili hapa mapajani mwangu ndilo gongo lenyewe. Gongo la mti, Bwana Hosea, usinichekee. Lile la chupani tunajua anayelijua. Nimepewa nilitunze mpaka kesho Jumatano saa nne asubuhi, na saa hiyo nitamke jina la mtu mmoja wa kulichukua. Mmoja tu. Nitawaeleza ilivyokuwa, kisha mnisaidie.

Besiboli ililetwa hapa na yule mwalimu mgeni wa hesabu, mrefu, aliyekuwa anakula ugali kwa uma. Kwa asiyeujua mchezo: mmoja anarusha mpira mgumu, mwenzake anaupiga kwa gongo, kisha anazunguka pembe nne mbio kabla hawajaurudisha, kila mzunguko alama moja. Mpira ukivuka uwanja ukaangukia kwenye shamba la chai haupatikani tena, na mpigaji anazunguka akitembea kwa maringo kama bwana harusi. Ndiyo maana sisi tunaita "kupiga chai." Mwalimu alikuja na magongo kumi ya kwao, yanang'aa, yana maandishi ya dhahabu. Msimu wa kwanza haujaisha, yote kumi yalikuwa kuni. Wapigaji wetu wa mwanzo walikuwa wabeba magunia, na mikono yao haikuzoea kubembeleza kitu. Mkataba wa mwalimu ukaisha, akaondoka, tukabaki na mipira ya kutosha na hatuna cha kupigia.

Hapo ndipo watu hawa watatu walipofanya walichofanya, na hakuna aliyewatuma.

Mzee Luvanda alishuka bondeni kwenye joto, mwendo wa siku mbili kwa miguu, kutafuta mti wa mkole, kwa sababu huku kwetu kwenye baridi haukui. Aligonga miti kumi na saba akaikataa. Wa kumi na nane ulikuwa mnene kupita mikole ya kawaida. Akaukata, akakodi punda, akarudi nao. Gogo alilipasua nusu mbili, nusu moja akaiweka kando, na nyingine akaanza kuipasua kwa kabari, polepole, akizifuata nyuzi kule zinakotaka kwenda. Vikatoka vipande vitatu. Nilikuwepo. Nikamwambia, "Mzee, si upeleke kwenye mashine ya mbao, dakika tano imekwisha?"

Akanitazama kwa huruma. "Dada Tabitha, msumeno hauulizi. Nyuzi ziende kushoto, ziende kulia, wenyewe unakata tu. Kabari inauuliza mti, na mti unajibu. Mpini uliokatwa nyuzi zake unakusubiri tu siku ukiwa na haraka, ndipo uvunjike."

Vipande vile akavichonga kwa tezo, akaviacha na unene kidogo. Vilipokauka ndipo alipoviparuza kwa kipande cha chupa, na mwisho akachoma alama kwa chuma cha moto, kiduara kidogo upande mmoja wa kila gongo. Kiduara kitazame juu wakati wa kupiga, alisema, ili mpira ukutane na ubavu, kule nyuzi zilikobanana.

Mtasema ni mti uliokuwa mzuri, mzee ana sifa gani? Subirini. Ile nusu aliyoiweka kando, mwenyekiti wa klabu, Bwana Gaudensi, aliona mzee anachelewesha maendeleo. Akaibeba kwa trekta hadi kwenye mashine ya mbao, yakatoka magongo sita, yamenyooka, ungeyapenda. Bi Semeni akayakausha mawili kwa moshi uleule na kwa muda uleule. Kastuli mwenyewe ndiye aliyeyapigia. Moja lilivunjika siku ya pili, na lingine hiyo siku ya pili halikuiona. Mti mmoja, jamani, moshi mmoja, mkono mmoja. Kilichokosekana ni kabari ya Luvanda.

Sasa Bi Semeni. Jikoni kwake juu ya moto kuna kichanja, kama kilichopo kwenu, na juu yake huwa kuna mbegu za mahindi ya mwaka ujao. Nafasi yenye joto zuri ni moja. Ama mbegu, ama vipande vya Luvanda. Akashusha mbegu akazipeleka stoo, fukusi wakazila karibu zote, na mwaka ule alipanda mbegu za kuomba kwa shemeji yake, ambaye mpaka leo humkumbusha kila Krismasi. Vipande vikapanda kichanjani tangu Machi hadi Septemba. Kila alipoepua sufuria, alivigeuza robo. Asubuhi robo, mchana robo, jioni robo. Jumapili akitoka kanisani alivipaka mafuta ya nyonyo. Aliwasha magunzi na kuni za porini tu. Ukimletea mkaratusi anakurudisha nao mlangoni.

"Mkaratusi una hasira kama zako, Tabitha," aliniambia. "Unakausha ngozi, ndani kubichi."

Na ni kweli. Kazi hiyo ya kichanjani haikuwa ya mara moja. Mpaka mwaka jana, kila msimu ulipokwisha gongo hili lilirudi kwake, likakaa kichanjani miezi mitatu, likageuzwa robo kwa robo, kisha likaenda kuchezewa upya.

Mtasema moshi ni moshi, kila jiko lina moshi. Haya, subirini tena. Kipande cha pili kati ya vile vitatu Bwana Gaudensi alikichukua wiki ya tatu tu. Palikuwa na mgeni rasmi anakuja kufungua uwanja, na mwenyekiti hakutaka aibu. "Kamekauka haka, si nakaona?" alisema, na kule kuona kwake ni kwa juu juu siku zote. Akakamalizia kwa fundi mwingine, akakapaka rangi ya bluu. Saa sita jua lilipokolea ukatokea ufa unaoingia ukucha. Kastuli akapiga mpira mmoja, nusu ya gongo ikamfuata mgeni rasmi kwenye kiti chake. Lilipasuliwa na Luvanda, likapigwa na Kastuli. Kilichokosekana ni subira ya Semeni.

Kastuli sasa. Nimewakasirikia watu wanaotaja jina lake peke yake, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mwenye nguvu naye mpeni haki yake. Kwa misimu minane mtu huyu hakuwahi kupiga bila kiduara kutazama juu. Mipira mingi aliiacha ipite, uwanja mzima ukamzomea, na mimi nilizomea, kwa sababu ilikuwa inakuja karibu na ncha na ingeutesa mti bure. Hakuliegemea. Hakugongea viatu vyake kuondoa tope, na mnajua tope la hapa. Mvua ikinyesha, koti linavaa gongo, yeye analowa. Mkewe Yustina alikuja kunishtakia kwenye baraza la kata: "Mama Mjumbe, mume wangu akirudi nyumbani mimi nasalimiwa wa pili." Nilicheka, nikamwambia kuna wanaosalimiwa wa tatu.

Na gongo la tatu, pacha wa hili? Lilipasuliwa na Luvanda, likageuzwa na Semeni miezi yote sita, halikupungukiwa kitu. Bwana Gaudensi akampa mpwa wake Fokasi, kijana mwenye mikono minene mara mbili ya Kastuli. Kastuli akamfuata hadi kwenye pembe yake. "Kiduara juu, ndugu yangu," alimwambia. Fokasi akacheka. "Mimi nimekuja kupiga mpira, sikuja kusoma gongo." Pigo moja tu. Tukamwona amebaki na kipande cha mpini mkononi, anakitazama kama aliyeporwa mwamvuli. Mti uleule, kabari ileile, moshi uleule. Kilichokosekana ni Kastuli.

Kwa hiyo lilibaki moja, na hilo moja likadumu misimu minane. Timu nyingine zilibadilisha magongo kila mwezi, letu lililala chini ya koti la mbeba magunia. Amelipigia chai mara mia moja arobaini na moja. Watu walitoka mbali kuja kulishika, wakaligonga kwa vidole, wakatikisa kichwa.

Jumapili tukacheza fainali na timu ya mjini. Walikuja na magongo kumi na mawili ya dukani, manne yakavunjikia kwenye uwanja wetu. Zamu ya mwisho, tuko nyuma kwa alama moja, mwenzetu yuko pembe ya pili, Kastuli anaingia. Mipira miwili akaiacha. Mkazomea, kama kawaida yenu. Wa tatu ukaja mahali pake, na ule mlio wake mkausikia wenyewe. Mpira uko kwenye chai mpaka sasa hivi, na kombe tukachukua.

Na hapo ndipo palipoanza mambo ya kunikosesha usingizi. Bwana Gaudensi akanyakua kipaza sauti, akalichukua gongo mkononi mwa Kastuli, akaliinua. Akasema, nanukuu: "Gongo hili ni matunda ya uongozi wangu." Uongozi wake! Mtu ambaye kila alipogusa mkole ule uligeuka kuni! Kisha akatangaza kwamba litawekwa kwenye kabati la vioo ofisini, na chini yake liandikwe jina lake. Kabati lenyewe limeshatengenezwa. Alikuwa ameshampeleka fundi kulipima, kombe hata halijachezwa.

Nanyi mkapiga makofi. Niliwaona. Mzee Luvanda alikuwa amesimama nyuma ya watu kwa kuwa hakuna aliyemkumbuka kwa kiti. Bi Semeni alikuwa nyuma ya jengo anasonga ugali wa wageni. Hakulisikia jina lake, kwa sababu halikutajwa.

Nikasimama. "Mwenyekiti, hilo gongo umewahi kulifuta hata tone la mvua?"

"Bi Tabitha, tusiharibu sherehe," akasema. "Katiba ya klabu iko wazi. Kifaa kisicho na mwenyewe ni cha ofisi."

"Lina mwenyewe."

"Mtaje basi. Kifaa kimoja, mtu mmoja, ndivyo tulivyopitisha. Wewe si mjumbe wa baraza? Nakupa ulishike mpaka Jumatano saa nne. Ukishindwa, naleta kabati."

Kabla sijafungua mdomo uwanja mzima ukapiga kelele, "Kastuli! Kastuli!" Hamkufikiri hata sekunde moja. Mliyemwona ndiye mliyempa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kipaza sauti, na mtanisamehe, au msinisamehe, yote sawa.

Jana nikawazungukia wote watatu, mmoja mmoja, niwaulize wakipewa watalifanyia nini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja na gongo. Nipe nilipapase." Akalipapasa muda mrefu. Jicho lake la kushoto limekwisha, mtoto wa jicho, na la kulia linafuata. "Nikipewa, nitalipasua," akasema.

Nilishtuka. "Ulivunje, Mzee?"

"Kupasua si kuvunja. Binti yangu Tulamwona ameshika kazi hii, anataka kuniuliza mambo ambayo sina pa kumwonyeshea. Mti uliopigwa miaka minane haujapasuka, nyuzi zake zimekaaje huko ndani? Zimebanana, zimehama, sijui. Nataka tuone wote wawili, wakati bado naona. Nikipofuka hili likiwa zima, kazi yangu itazikwa na mimi."

Nikaenda kwa Bi Semeni. Yeye alilinusa kwanza. Kisha akanionyesha tundu dogo karibu na mpini, dogo kama la sindano, na unga mweupe ukatoka alipoligonga.

"Bungua," akasema. "Mwaka huu Gaudensi alizuia lisirudi kichanjani, akaliweka stoo ya klabu ili wageni wake walione. Likikaa nje ya moshi mwaka mmoja zaidi ni unga. Hapa litaishi kuliko mimi. Sitaki lipigiwe tena, sitaki lipasuliwe."

"Ulitunze tu, Semeni?"

"Nimeligeuza miaka yote hii, Tabitha. Siku ya kombe nilisikia kelele, nikauliza kuna nini, nikaambiwa tumeshinda. Nataka kitu kimoja cha kuwaonyesha wajukuu kwamba na mimi nilicheza."

Nikaenda kwa Kastuli, nikamkuta ameketi na barua ya timu ya kanda. Wanamwita wakamjaribu mwezi ujao. Ana miaka thelathini na tisa, hajawahi kuitwa popote, na mwakani hakuna atakayemwita.

"Mama, nikishika magongo yao nitavunja moja, nitavunja la pili, watanirudisha nyumbani," akasema. "Bila hili mimi ni mbeba magunia. Nalijua limechoka, nasikia mlio wake umebadilika. Likivunjika huko, limevunjika kazini."

Mnaona sasa? Mmoja akipewa atalipasua, mmoja atalifukiza moshi lisiguswe tena, mmoja atalipigia mpaka life. Msiniambie wagawane, huu si mkate. Msiniambie wapokezane zamu, zamu ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Nikarudi kwa kila mmoja na swali la pili. Kama si wewe, nimpe nani?

"Semeni," alisema Mzee Luvanda hapohapo. "Mimi nilichonga siku chache. Yeye amegeuza miaka."

"Mpe Luvanda," alisema Bi Semeni. "Mimi nilikausha alichoniletea."

Kastuli aliikunja ile barua ya kanda, akaitia mfukoni. Nilidhani ni choyo, nikaanza kumkasirikia. Halafu akasema, "Usiniulize hilo, Mama. Nikimtaja mmoja wao nitakuwa nimemfuta mwenzake. Kazi ya kufuta watu hapa tayari ina mwenyewe."

Niliondoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu amesema kweli, na kweli yake imenifunga mikono na miguu. Nikimtaja mmoja, wawili watafutika kwa mdomo wangu mimi, niliyesimama uwanjani kupinga kufutwa kwao. Nisipomtaja yeyote, gongo linaingia kwenye vioo vya Gaudensi, bungua wanalila taratibu, na chini yake jina la mtu ambaye hakuligeuza hata robo moja. Asubuhi hii kabati limepita mlangoni kwangu juu ya mkokoteni, vioo vimeshafutwa. Fundi aliona haya hata kunisalimia.

Basi nyinyi mliopiga makofi Jumapili, nyinyi wepesi wa kupaza jina, leo pazeni. Hili hapa, limebaki usiku mmoja. Luvanda, Semeni, Kastuli: wewe ungelitia mkononi mwa nani? Na wale wawili utakaowanyima, ukikutana nao kesho sokoni, utawaambia nini usoni?